Jinsi ya kuielewa misuli aina zote tatu kwa moyo wa mbuzi, firigisi na kipande cha jodari

Kila mwaka naona vijana wetu hapa Amu (Lamu), wa fomu foo na hata wale wanaosomea unesi, wamekaa barazani na lile jedwali la misuli, msuli wa mifupa msuli wa moyo msuli laini, huu una mistari huu hauna, huu wa hiari huu si wa hiari, wanakariri toka juu mpaka chini, na mtihani ukiisha na jedwali nalo limekwisha kichwani. Inaniuma kwa sababu hii ni mada tamu mno ya baiolojia na vitu vyake vyote viko sokoni, vingine tunavipika kila siku na hatuviangalii. Jambo lenyewe ni moja tu: vile nyuzi zimelala ndivo msuli unavovuta. Ukishaziona kwa macho yako na ukazigusa kwa vidole, lile jedwali utaliandika mwenyewe bila kufungua kitabu.

Basi fuata hivi.

Vitu vya kununua

Asubuhi shuka soko la kando ya ngome, pale Mkunguni, mapema kabla vitu havijachaguliwa. Chukua nusu kilo ya nyama ya mguu, ya ng'ombe au mbuzi, na umwambie mwenye bucha asiitoe ile kano nyeupe mwishoni. Chukua moyo wa mbuzi, ukiwa umechanwa kidogo na wakaguzi si neno. Chukua kipande cha utumbo mwembamba uliooshwa lakini haujachemshwa, kuku mmoja na firigisi yake ambayo haijapasuliwa, na kipande cha jodari kilichokatwa kwa upana, yani uone mfupa wa mgongo pale katikati. Kama mfuko hauruhusu vyote nunua moyo na firigisi peke yake, nyama ya mguu haikosekani nyumbani, na jodari utamwangalia pale pale kwa muuza samaki, mwombe kwa adabu tu atakuonyesha.

Nyumbani uwe na kisu kikali, wembe mpya, pini mbili, bakuli la maji yenye chumvi kidogo na tochi ya simu. Lenzi ya kukuzia kama unayo ni vizuri sana, kama huna kamera ya simu ukiivuta karibu inatosha kwa mengi. Osha mikono kwa sabuni kabla na baada, na kila utakachokikata kipikwe siku ile ile kiive kabisa, hakuna cha kutupa hapa. Isipokuwa vile vipande utakavyotia rangi ya maabara, hivyo usile. Na wembe uwe mbali na watoto.

Anza na nyama ya mguu

Huu ndio msuli wa mifupa. Kata kipande kwanza kwa kupinga nyuzi, siyo kufuata nyuzi, kisu kiwe kikali kweli ili uso wa nyama utoke laini. Sasa mulika tochi kwa ubavu. Utaona nyama imegawanyika vifungu vifungu, na baina ya kila fungu na fungu kuna utando mweupe mwembamba, na msuli wote kwa jumla nje umefungwa na utando mwingine mzito zaidi. Kuna na utando wa tatu huuoni kwa macho, huo unafunga kila uzi mmoja mmoja ndani ya fungu. Weka kidole juu ya ule utando wa nje na uufuate pole pole mpaka mwisho wa msuli, uone unavozidi kuwa mweupe na mgumu mpaka umekuwa kano. Hapa usipite haraka. Kano haikugundishwa kwenye nyama, ni zile tando zote tatu zimekusanyika pamoja zikaenda kushika mfupa, ndo maana uzi ulio katikati kabisa ya msuli ukivuta, mvuto wake unafika mfupani.

Nusu nyingine ya nyama ichemshe kwa moto mdogo saa moja na nusu hivi au mbili. Moto na maji vinayeyusha ile kolajeni, protini ngumu ya kwenye tando, na nyuzi zinaachana. Toa kipande, kiache kipoe, alafu kwa pini mbili anza kukichambua kwenye bakuli, fungu ligawe mara mbili, nusu nayo igawe, endelea mpaka macho yakatae. Uzi mmoja halisi wa msuli una unene wa maikromita 10 mpaka 100 (milimita moja ni maikromita 1,000) lakini urefu wake unaweza kwenda sentimita kadhaa. Na uzi huo mmoja ni seli moja. Seli moja ndefu hivo kiini kimoja hakiitoshi, kwa hivo ina viini mamia, vimejipanga pembeni chini ya ngozi ya seli, na ilipatikana kwa seli ndogo nyingi kuungana wakati mtoto bado yuko tumboni. Ukiulizwa mbona viini ni vingi, jibu lako hilo, wala hukukariri.

Ndani ya uzi kuna nyuzi nyingine ndogo zaidi zinaitwa miofibrili, na kila miofibrili imegawanyika vipande vinavofuatana, kila kipande kinaitwa sarkomia, urefu wake kama maikromita 2.2 msuli ukiwa umetulia. Mle ndani kuna protini mbili za kujua: miosini ambayo ni nene na iko katikati, na aktini ambayo ni nyembamba na imeshikiliwa kwenye kuta za pande mbili, zile kuta zinaitwa mstari wa Z. Zimepandana nusu nusu, penye miosini panaonekana peusi na penye aktini peke yake panaonekana peupe. Hiyo mistari mnayoambiwa mkariri ndo hii, ni mpangilio tu wa protini mbili zilizolala sambamba kwa maelfu.

Vile msuli unavokaza

Hapa ndipo wengi huachwa nyuma na nataka uende na mimi taratibu.

Miosini haifupiki. Aktini nayo haifupiki. Kinachofanyika ni kuteleza, aktini za pande mbili zinavutwa kuingia katikati juu ya miosini na kuta za Z zinakaribiana. Kwa hivo ukiwa na mchoro, ile bendi nyeusi inabaki na upana wake ule ule, bendi nyeupe ndo inapungua, na ule uwazi wa katikati ya bendi nyeusi nao unapungua. Swali hili linapendwa sana kwenye mitihani. Habari hii ilitolewa mwaka 1954 na makundi mawili tofauti kwenye toleo moja la jarida la Nature, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande wa pili, na hao Huxley wawili si ndugu. Huyo Andrew Huxley ni yule yule aliyefanya kazi na Alan Hodgkin kwenye neva nene ya ngisi, huyu huyu ngisi tunayemjua sisi, wakaeleza umeme wa neva mwaka 1952, na kwa kazi hiyo wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Sasa nani anavuta. Miosini ina vichwa vingi vidogo vimechomoza ubavuni. Umeshaona mabaharia wakivuta kamba ya nanga mkono kwa mkono, huyu anashika anavuta anaachia anashika mbele, na wakati huyu ameachia mwenzake ameshika ili kamba isirudi? Vichwa vya miosini ni hivo hivo, havishiki vyote pamoja wala haviachii vyote pamoja. Kila mvuto wa kichwa kimoja ni kama nanomita 5 mpaka 10 tu, kitu kidogo mno, lakini vichwa ni vingi na vinarudia haraka.

Mtiririko wake ni huu. Neva inaleta ujumbe mpaka kwenye uzi wa msuli na pale inamwaga kemikali inayoitwa asetilkolini, umeme unasambaa juu ya uzi na unazama ndani kupitia vijia vinavyoitwa tubula T, na kule ndani kuna vifuko vimezunguka miofibrili vimejaa kalsiamu, umeme ukifika vinafunguka na kalsiamu inamwagika. Kalsiamu inashika protini inayoitwa troponini, troponini inageuka na kuisogeza protini nyingine, tropomiosini, ambayo muda wote ilikuwa imelala juu ya aktini imeziba pale pa kushikia. Pakiwa wazi, kichwa cha miosini kinashika, kinainama, aktini inavutwa. Alafu ATP mpya (kemikali inayobeba nishati ndani ya seli) inakuja kukaa kwenye kichwa na HAPO NDIPO KINAACHIA. ATP inapasuliwa, kichwa kinasimama tena, tayari kushika mbele kidogo. Neva ikinyamaza kalsiamu inapigwa pampu kurudishwa kwenye vifuko, nayo hiyo pampu inakula ATP, tropomiosini inarudi kuziba na msuli unalegea.

Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, manake wengi wanadhani ATP ni ya kuvuta tu. Bila ATP kichwa hakiachii. Na ushahidi wake kila mama wa Amu anaujua bila kusoma baiolojia: samaki akitolewa baharini kwanza analegea, baadae anakakamaa ukimshika mkia anasimama kama alivo, alafu akikaa zaidi analegea tena. Pale alipokakamaa ATP imeisha, kalsiamu imevuja, vichwa vimeshika aktini na hakuna cha kuviachisha. Akilegea mara ya pili si kwamba ATP imerudi, ni vimeng'enya (enzaimu) vimeanza kuzikata protini zenyewe, ndo maana mnunuzi mzuri anamtaka aliyekakamaa. Mwanadamu ni vile vile, kukakamaa kunaanza baada ya masaa machache na joto linaharakisha, na ndo maana mtu akifariki wazee wetu wanafunga kidevu na kulainisha viungo mapema kabla mwili haujashikana.

Hesabu kidogo ili ukubwa wake uingie. Uzi wa sentimita 10 una sarkomia kama 45,000 zimefuatana. Kila moja ikijifupisha maikromita 0.2 tu, uzi mzima unafupika milimita 9. Na kwa vile kano ya biseps, msuli wa mbele ya mkono wa juu, imeshika mfupa kama sentimita 5 tu mbele ya kiwiko na kiganja kiko sentimita 35 hivi, zile milimita 9 zinakuwa zaidi ya sentimita 6 kule kwenye kiganja.

Jaribu kwa mkono wako

Jaza jerikeni ya lita 5. Ishike mkono mmoja, mkono wa pili weka juu ya biseps. Nyanyua pole pole, utasikia msuli unafupika na kuvimba. Simamisha kiwiko kikiwa pembe mraba na usisogeze, msuli umekaza kweli kweli lakini urefu haubadiliki. Sasa teremsha pole pole, na hapa ndipo pana ajabu, msuli bado umekaza ila unarefuka, vichwa vinashika huku kamba inavutwa upande wa pili. Huko kuteremsha ndo kunakoleta maumivu ya siku ya pili. Hamali aliyezoea hasikii, lakini mtu asiyezoea akishinda anateremka na mizigo zile ngazi za nyumba za mawe, paja litamwambia kesho yake.

Alafu sukuma ukuta kwa kiganja na uguse nyuma ya mkono, triseps ndo imekaza, biseps imelegea. Msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu, kwa hivo kila kiungo kinahitaji angalau misuli miwili, huu wa kukunja huu wa kukunjua. Na nguvu inaongezwaje? Kila seli ya neva ya msuli ina kundi lake la nyuzi, kwenye misuli ya jicho seli moja ya neva inashika nyuzi kama 10 tu, kwenye paja inaweza kushika hata zaidi ya 1,000. Ukitaka nguvu kidogo ubongo unaita makundi machache, ukitaka nyingi unaita mengi. Uzi mmoja hauwezi kumpa mwenzake habari, kila mmoja unasubiri neva yake. Shika hili, tutalihitaji kwenye moyo.

Nyekundu na nyeupe

Weka paja la kuku na kidari chake upande kwa upande. Paja ni jeusi jeusi, kidari ni cheupe. Wekundu ule si damu, damu ilishatoka alipochinjwa, ni mioglobini, protini inayoweka oksijeni ndani ya nyuzi. Kuku anashinda amesimama na kutembea, nyuzi za paja ni za pole pole zisizochoka haraka, zina mioglobini nyingi na mitokondria nyingi (vile vituo vya seli vya kutengeneza ATP). Mabawa anayatumia mara moja moja kuruka ukuta paka akimjia, kwa hivo kidari ni nyuzi za haraka zenye nguvu ya ghafla lakini zinachoka upesi. Njiwa anayeruka masafa kidari chake ni chekundu. Sasa jodari: kwenye kile kipande cha upana utaona nyama nyekundu iliyokolea kabisa pembeni ya mgongo, imeingia mpaka ndani karibu na mfupa, manake samaki huyu haachi kuogelea usiku na mchana. Mlinganishe na changu, nyama yake karibu yote ni nyeupe na wekundu ni ukanda mwembamba tu chini ya ngozi ubavuni, yeye anakaa kwenye miamba na anakurupuka akitishwa. Binadamu amechanganyiwa, msuli mmoja unakuwa na nyuzi za aina zote mbili kwa kiasi tofauti.

Moyo

Sasa weka ule moyo wa mbuzi mbele yako. Ushike mkononi kwanza kabla ya kisu, uubonyeze pande zote mbili, upande mmoja utakuwa mgumu zaidi, huo ni wa kushoto. Kata kwa upana theluthi moja kutoka ncha ya chini. Utaona vyumba viwili, cha kushoto mviringo na ukuta mnene, cha kulia umbo la hilali na ukuta mwembamba, tofauti inafika kama mara tatu. Cha kushoto kinasukuma damu mwili mzima, kwa mtu shinikizo linafika kama milimita 120 za zebaki, cha kulia kinapeleka mapafuni tu pale kando, kama 25. Ukuta umejengwa kulingana na kazi.

Chemsha kipande cha ukuta wa kushoto sawa na ulivochemsha nyama ya mguu, alafu jaribu kukichambua kwa pini. Hakikubali. Nyama ya mguu iliachana nyuzi nyuzi ndefu lakini huyu anakatika katika vipande vifupi, na hapo umeshajifunza jambo kubwa kwa vidole vyako. Seli za moyo ni fupi, zina kiini kimoja au viwili katikati, na zina matawi, tawi la seli hii limeungana na la jirani, zimekuwa wavu mmoja. Pale zinapoungana kuna ukuta maalumu unaoitwa diski, wenye vishikizo vya kuzuia seli zisiachane wakati wa kuvuta na vijitundu vya kupitisha umeme moja kwa moja. Kwa hivo kinyume na msuli wa mifupa, hapa seli moja ikipata umeme jirani zake zote wanapata, chumba kizima kinakaza kwa pamoja. Tena angalia ukuta wa nje ulioiva, nyuzi zimekwenda mshazari, na ukimenya tabaka la juu la chini yake limeelekea upande mwingine, manake moyo haubani tu, unajisokota na kujikamua toka ncha kwenda juu.

Mistari iko, aktini na miosini na troponini ni zile zile. Tofauti ni mbili. Ya kwanza, moyo hausubiri neva, kuna seli kwenye chumba cha juu cha kulia, karibu na pale mshipa mkubwa wa juu unapoingia, zinajiwasha zenyewe na ndo zinaweka mapigo, neva kazi yake ni kuongeza kasi au kupunguza. Ya pili, baada ya kukaza moyo unakataa amri mpya kwa muda wa kama robo ya sekunde. Biseps ukiipelekea amri mfululizo inabaki imekaza, ndivo unavoshikilia jerikeni. Moyo ukibaki umekaza mtu amekufa, damu haina wakati wa kuingia, kwa hivo ile robo sekunde ni rehema kabisa. Shika kifundo cha mkono wako upande wa kidole gumba, hesabu mapigo sekunde 30, zidisha mara mbili. Ukipata 70, kwa siku ni mapigo 100,800, na mitokondria za kulisha kazi hiyo zimejaa karibu theluthi moja ya kila seli.

Firigisi na utumbo

Huu msuli laini ndo unaodharauliwa na vijana kwa sababu vitabuni umechorwa seli nyembamba zilizochongoka pande mbili, basi. Kata firigisi katikati. Nyama nene nyeusi pande mbili, utando wa kano unaong'aa, na ndani ile ngozi ngumu ya manjano tunayoimenya. Nyama yote hiyo ni msuli laini, ile nguvu ya kusaga mahindi na mchanga inatoka hapa. Mulika tochi uutafute ule mpangilio wa nyuzi ndefu kama wa paja, huuoni. Seli zake ni fupi, nyingi ziko baina ya maikromita 20 na 500, kiini kimoja katikati, na aktini na miosini zimo lakini hazikujipanga kwenye sarkomia, zimekwenda mshazari na kushikilia vidoa vigumu vilivyotapakaa ndani ya seli. Hakuna mpangilio wa safu, hakuna mistari. Seli ikikaza haifupiki kwa urefu tu, inajikunja mwili mzima.

Utumbo chukua sentimita 5, uchane kwa urefu, uutandaze na uumulike kwa chini. Kwa wembe na subira unaweza kumenya tabaka jembamba la nje, nyuzi zake zimefuata urefu wa utumbo, na chini yake kuna tabaka nene zaidi linalozunguka. La kuzunguka likikaza utumbo unabana, la urefu likikaza kipande kinafupika, yakipokezana chakula kinasogea. Kwa mtu tumbo linafanya mawimbi kama 3 kwa dakika, na mwanzo wa utumbo mwembamba kama 12.

Huku hakuna troponini. Kalsiamu inashika protini nyingine inayoitwa kalmodulini, hiyo inaamsha kimeng'enya, kimeng'enya kinabandika fosfeti kwenye kichwa cha miosini na ndipo kichwa kinaweza kushika. Njia ndefu, kwa hivo msuli laini ni wa pole pole, lakini ukishashika unaweza kubaki umeshika muda mrefu kwa ATP kidogo sana. Fikiria mishipa ya damu, imebana kiasi tangu umezaliwa na haijaomba kupumzika. Mtu mwenye pumu akibanwa ni msuli huu umezunguka njia za hewa umekaza, na ile dawa ya kuvuta ya salbutamoli inaulegeza. Na mja mzito uchungu ukimjia ni msuli laini wa mji wa mimba, nao unaitikia homoni ya oksitosini.

Kwa mwili wako: simama mbele ya kioo chumba kikiwa na giza kidogo, fungua dirisha ghafla, mboni inajifunga ndogo na hukuiamuru. Malaika ya mkono yakisimama kwa baridi ni misuli laini midogo kwenye shina la kila nywele. Alafu meza funda la maji, mwanzo wa kumeza uliamua mwenyewe, lakini yakishapita hapo juu jaribu kuyarudisha. Koo la chakula sehemu ya juu ni msuli wa mifupa, katikati mchanganyiko, chini msuli laini mtupu.

Mitego

Usitegemee sana lile neno hiari. Ule msuli mkubwa unaotenganisha kifua na tumbo ni wa mifupa, una mistari, lakini unavuta pumzi ukiwa umelala. Mpiga mbizi anaweza kuubana kwa kiasi tu, baadae ubongo unaamua wenyewe. Ulimi pia ni msuli wa mifupa ingawa nusu yake haikushika mfupa wowote. Angalia umbo kwanza, hiari baadae.

Ukiwa na hadubini

Chukua uzi mwembamba kabisa wa nyama mbichi, siyo iliyochemshwa, uuchambue kwenye tone la maji ya chumvi juu ya kioo, funika, anza na ukuzaji mdogo alafu panda mpaka 400. Punguza mwanga, hii ndo siri, mwanga mkali unafuta mistari na wengi wanakata tamaa hapo. Tone la methilini ya bluu litaonyesha viini, subiri dakika chache kisha nyonya rangi iliyozidi kwa karatasi laini pembeni. Fanya na moyo, fanya na firigisi.

Na mtihani ukikuletea picha bila maelezo, usikimbilie jina. Tafuta mistari kwanza. Hakuna, ni laini. Ipo, tafuta matawi na diski, zikiwepo ni moyo. Hazipo na viini vimesukumwa pembeni, ni mifupa. Ila angalia na namna kipande kilivokatwa, manake msuli wa mifupa ukikatwa kwa upana mistari haionekani kabisa, utaona mviringo mviringo na viini pembezoni, na hapo kinachokuokoa ni mahali viini vilipo: pembeni ni mifupa, katikati ni moyo au laini, na ukubwa wa mviringo utamaliza ubishi, wa moyo unalingana lingana, wa laini kuna mikubwa na midogo kwa sababu seli zilizochongoka zimekatwa sehemu tofauti.